Al-Kindi, Aliyezifichua Siri kwa Kuhesabu Herufi

Wasomi wengi wanalijua jina la Al-Kindi kwa sababu ya falsafa. Matabibu wa zamani walilijua kwa risala yake ya vipimo vya dawa, na wachuuzi wa mafuta mazuri, lau wangependa kupekua vitabu, wangelikuta katika kitabu cha manukato chenye njia zaidi ya 100 za kuchanganya na kukeneka maji ya waridi, kafuri na ambari. Lakini ni wachache wajuao kwamba bwana huyu ndiye mwenye maandishi ya zamani kabisa yanayojulikana duniani yaelezayo, kwa utaratibu na kwa hesabu, jinsi ya kuisoma barua ya siri ambayo hukuandikiwa wewe.

Jambo hili si la kupita nalo haraka. Leo hii mtu anapotuma fedha kwa simu, au anapoandika neno lake la siri mbele ya kompyuta ya benki, pana ufundi unaofanya kazi nyuma ya pazia ili jirani asimsome. Na ufundi huo wote umejengwa ili kuikimbia hila moja, nayo ni hila iliyoandikwa Iraq zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Mtoto wa liwali

Jina lake kamili ni Abu Yusuf Yaaqub bin Is-haq Al-Kindi. Alizaliwa mnamo mwaka 801 hivi katika mji wa Kufa, zama za Khalifa Harun Al-Rashid. Baba yake alikuwa liwali wa mji huo, na ukoo wao ulikuwa wa Kinda, kabila la wafalme wa Arabuni ya kale, ambalo ndilo alilotoka Imru'ul-Qays, yule mshairi ambaye hapana mwanafunzi wa mashairi ya Kiarabu asiyemsikia. Babu yao mmoja, Al-Ash'ath bin Qays, alikuwa mkubwa wa Kinda na alisilimu wakati wa Mtume. Basi kijana Yaaqub hakuzaliwa pangoni. Alizaliwa kwenye nyumba yenye jina, karatasi na wageni.

Kufa na Basra ndiyo miji miwili iliyoshindana katika sarufi ya Kiarabu. Maulamaa wa huku wakisema hivi, wa kule huwajibu vile, na ugomvi wao juu ya irabu moja ulikuwa mkali kama ugomvi wa mpaka wa shamba. Mtoto aliyekulia pale alikunywa elimu ya herufi kabla hajajua kwamba ni elimu. Baadaye alikwenda Baghdad kuendelea na masomo, na huko ndiko nyota yake ilikong'aa.

Baghdad ya wakati huo ilikuwa mji wa karatasi. Kiwanda cha karatasi kilikuwa kimeanza kazi hapo mwisho wa karne ya 8, na maduka ya warraqi, wanakili na wauza vitabu, yalikuwa mengi. Khalifa Al-Ma'mun, aliyetawala kutoka 813 mpaka 833, alipenda elimu za Wayunani, Wahindi na Waajemi, akawatafutia watu wa kuzifasiri. Al-Kindi hakuwa mfasiri mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuwakusanya wafasiri, kuwapa kazi, kisha kuisahihisha na kuisawazisha lugha yao. Ustath alimfasiria kitabu cha Aristotle cha elimu ya yaliyo nyuma ya maumbile, na Ibn Na'ima wa Homs akamfasiria kitabu kingine ambacho Al-Kindi alikitengeneza kwa mkono wake. Alishikilia kwamba haki haina kabila: ukiikuta kwa mgeni ichukue, kwani haimpunguzii hadhi mwenye kuichukua.

Alipokuja Al-Mu'tasim, aliyetawala 833 hadi 842, hadhi ya Al-Kindi ilipanda zaidi. Kitabu chake kikubwa cha falsafa alimtunukia khalifa huyo, na mwanawe Ahmad akawa mwanafunzi wake. Ibn Al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyeandika orodha ya vitabu vya Kiarabu katika karne ya 10, alimhesabia majina ya vitabu yapatayo 260. Humo mna hesabu, nyota, muziki, mwanga na macho, panga na vyuma, bahari kupwa na kujaa, na vitabu vinne juu ya tarakimu za Kihindi, hizi ambazo leo twaandikia bei ya sukari.

Si wote waliompenda. Abu Ma'shar, mtu wa Balkh, alikuwa akiwachochea watu wa mitaani dhidi yake kwa sababu ya falsafa. Al-Kindi hakumjibu kwa fujo. Alimtumia mtu wa kumtia hamu ya hesabu na jometri. Abu Ma'shar akaingia, hesabu zikamshinda kumaliza, akageukia nyota akiwa na umri wa miaka 47, akawa mnajimu mashuhuri kuliko wote wa zama zile, na ule uadui ukaisha. Aidha, Al-Jahidh, yule bingwa wa dhihaka, katika kitabu chake cha mabakhili amemweka Al-Kindi mmoja mwenye nyumba za kupangisha, mchungu wa kila senti. Wasomi wanabishana kama ndiye huyu au ni wajina wake. Mimi napenda asiwe yeye, ingawa wapangaji wa Mombasa watasema wenye nyumba ni walewale.

Fumbo na mwenye kulifumbua

Waarabu waliyaita maandishi ya siri mu'amma, yaani jambo lililopofushwa. Sisi tuna neno letu zuri zaidi, fumbo. Na kwa kuwa mwenye kufumba yupo, mwenye kufumbua naye hakosi kuwapo.

Kabla ya Al-Kindi alikuwapo Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, aliyefariki mwishoni mwa karne ya 8, mtu ambaye asili yake ni Oman. Washairi wote wenye kufuata arudhi ni wanafunzi wake, kwani yeye ndiye aliyezipanga bahari za mashairi ya Kiarabu. Inasimuliwa kwamba mfalme wa Rumi alimwandikia barua ya Kiyunani iliyofumbwa, naye akakaa nayo mwezi mzima mpaka akaifumbua. Alipoulizwa aliwezaje, alieleza kwamba alikisia barua haikosi kuanza kwa jina la Mungu, akazishika herufi za mwanzo kwa kisio hilo, kisha hizo zikamfungulia nyingine. Inatajwa kuwa aliandika na kitabu cha mafumbo, lakini kitabu hicho hakikutufikia. Mimi naona si ajabu kwamba aliyevunja fumbo ndiye yuleyule aliyepima beti, kwa maana kazi zote mbili ni za mwenye sikio la kusikia kinachojirudia.

Kilichotufikia ni cha Al-Kindi. Ni risala fupi juu ya kuyafumbua mafumbo, iliyoandikwa kwa namna ya barua kama zilivyo risala zake nyingi.

Anaanza kwa kuzigawa aina za mafumbo. Kuna fumbo linalobadilisha herufi, mahali pa alif pakawekwa herufi nyingine au alama. Kuna fumbo linaloziacha herufi ni zilezile ila linazipangua zikae pasipo pake. Na kuna kutia herufi za bure zisizo na maana, ili msomaji apotee. Watu wa mwambao aina ile ya pili tunaijua tangu utotoni. Ni kinyume, ule mchezo wa kuitanguliza silabi ya mwisho: nyumba ikawa mbanyu, chakula kikawa lachaku, na mgeni akaketi katikati ya watoto hajui anasengenywa au anasifiwa.

Kisha anaingia kwenye hila yenyewe. Ukiletewa fumbo, na lugha yake unaijua, tafuta maandishi mengine ya lugha ile ile, ya wazi, yenye urefu wa kutosha. Hesabu kila herufi imo mara ngapi. Iliyo nyingi kuliko zote ipe nafasi ya kwanza, inayoifuatia ya pili, mpaka uzimalize. Halafu ligeukie fumbo, uzihesabu alama zake vivyo hivyo. Alama iliyo nyingi kuliko zote ifananishe na herufi ya kwanza, inayofuata na ya pili. Ndivyo ilivyo. Mwenye kufumba alibadilisha nguo za herufi, lakini hakuweza kubadilisha idadi yao.

Al-Kindi hakusema kwa kukisia, alikaa akahesabu. Katika maandishi ya Kiarabu yenye herufi 3,667 alipata alif mara 600, lam mara 437 na mim mara 320, na kuendelea hivyo hadi herufi za nadra. Yaani alif peke yake ni karibu herufi moja katika kila sita. Kuhesabu huko hakukuwa kioja kwa watu wake. Wasomi wa Qur'ani tangu zamani za Al-Hajjaj walikuwa wamezihesabu herufi zake kwa ajili ya kuihifadhi, na aliyepita chuoni anakumbuka vile vile hesabu ya abjadi, alif moja, ba mbili, jim tatu, ambayo malenga wetu wameitumia kuficha tarehe ndani ya beti. Lakini wale walihesabu ili wahifadhi. Yeye alihesabu ili afungue.

Hebu tulijaribu jambo hili kwa Kiswahili. Chukua sentensi hii: mashua imefika salama bandarini na watu wote wameshuka. Ina herufi 47, na kati ya hizo a imo mara 12, ilhali i na m, zinazoifuatia, zimo mara nne nne tu. Sasa badilisha kila a iwe x, kila i iwe q, na nyingine utakavyo. Yule x atasimama juu ya wenzake kama mnara wa msikiti juu ya mapaa. Kiswahili kina udhaifu mwingine ambao Kiarabu hakina: karibu kila neno letu huishia na irabu, na irabu ni tano basi. Ukiacha nafasi baina ya maneno katika fumbo lako, umemwonyesha adui irabu zote kabla hajakunywa chai. Na neno la herufi mbili, likiwa na, wa, ya, za au la, limekwisha kumpa a bila ya jasho.

Na ikiwa katika kuhesabu umekuta a imebaki a, nayo ndiyo nyingi kama kawaida, lakini maneno hayasomeki, basi jua kwamba herufi hazikubadilishwa, zimepanguliwa tu. Hiyo ni kinyume.

Kuhesabu hakutoshi pekee, na Al-Kindi aliliona hilo. Barua ikiwa fupi mno, hesabu hudanganya, kwa kuwa herufi hazikupata nafasi ya kuonyesha tabia yao. Hapo akaongeza njia mbili. Moja ni kuangalia herufi zipi hukaa pamoja na zipi hazikai. Sin na sad, kwa mfano, hazikutani katika shina moja la neno la Kiarabu. Ya pili ni kukisia neno ambalo kwa ada halikosi kuwamo, kama kuanza kwa Bismillahi, au salamu zilizozoeleka. Ni ile ile njia ya Al-Khalil, sasa imewekwa kwenye utaratibu.

Kilindini, 1942

Njia hiyo ya kukisia neno imefika mbali, na siku moja ilifika kwetu. Katika vita vya pili vya dunia, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo mwezi wa Aprili 1942, Waingereza waliwahamishia Mombasa wafumbuzi wao wa barua za Kijapani. Waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, inayoelekea baharini, na kituo chao kikajulikana kwa jina la Kilindini. Hapo ndipo walipolivunja fumbo lililotumiwa na meli za biashara za Kijapani, lililoitwa JN-40. Na lililowapa njia ni kosa la mwenye kufumba: alituma khabari akasahau kutaja mahali ilipo meli, kisha akaituma tena, safari hii pamoja na mahali, kwa ufunguo uleule. Barua mbili karibu sawa, ufunguo mmoja. Mfumbuzi akaziweka ubavuni, akaona tofauti, akajua iliyoongezwa ni nini. Wangapi wamepita mbele ya shule ile, wasijue!

Kosa hilo la 1942 linafanywa hata leo na watunga programu za kompyuta, nami nina neno nao, kwani vijana wetu wengi sasa wamo katika kazi hiyo, na akiba za watu zimo mikononi mwao.

Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ya Marekani iliibiwa daftari la wateja wake, lenye safu zipatazo milioni 150. Maneno ya siri yalikuwa yamefumbwa, na kwa fumbo lenye nguvu, si la kitoto. Lakini lilitumiwa kwa njia iitwayo ECB, ambayo kipande kile kile cha maandishi, chini ya ufunguo ule ule, hutoka vile vile kila mara. Basi watu wote waliochagua neno moja walitoka na alama moja. Waliolipata daftari wakafanya alilolifanya Al-Kindi: wakahesabu. Alama iliyokuwa nyingi kuliko zote ilitokea karibu mara milioni 2, na kila mwenye akili alijua ni neno gani la siri ambalo watu wavivu hulipenda kuliko yote. Ni 123456. Kando ya alama hizo palikuwa na vikumbusho ambavyo wateja wenyewe waliviandika, tena wazi bila ya kufumbwa, vikamalizia kazi. Ufunguo haukuhitajika.

Mafundi wa elimu hii wanatoa dawa mbili. Neno la siri la mteja lisifumbwe hata kidogo, maana kilichofumbwa kina ufunguo na ufunguo huibiwa. Bali lisagwe, kama mahindi kinuni, mpaka lisiweze kurudi kuwa neno. Na kabla ya kulisaga, litiwe kitu cha bahati nasibu, tofauti kwa kila mteja, ambacho wenyewe hukiita chumvi. Hapo watu 1,000 wenye neno moja watatoka na unga wa aina 1,000, na mwenye kuhesabu hatakuwa na la kuhesabu. Programu za kazi hiyo zipo tayari, kama bcrypt na Argon2, nazo zimefanywa makusudi ziwe za polepole ili mwizi achoke.

Kwa maandishi yanayotakiwa kurudi, kama barua au hesabu za benki, fumbo linaloaminiwa na wengi ni AES, lililobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, likakubaliwa na serikali ya Marekani mwaka 2001. Lakini hata hilo lisitumiwe kwa njia ya ECB. Kila barua ipewe mwanzo wake mpya usiorudiwa, na itumiwe njia inayogundua pia kama barua imechezewa njiani. Na kijana asijitie kubuni fumbo lake mwenyewe akaliona gumu kwa sababu yeye hawezi kulivunja. Wala asiyaite base64 kuwa ni fumbo. Hayo ni maandishi yaliyovaa kanzu nyingine tu, hayana ufunguo, na mtu yeyote huyarudisha kwa kufumba na kufumbua.

Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha huko Ufaransa, aliliandika mwaka 1883 sharti ambalo mpaka sasa halijapinduliwa: chukulia kwamba adui anaijua mashine yako yote, siri iwe katika ufunguo pekee. Kwa hiyo kuuandika ufunguo ndani ya programu yenyewe, kisha programu ikapelekwa kwa kila mtu, ni sawa na kufunga mlango wa Kilamu wa misumari ya shaba halafu ufunguo ukautundika juu ya kizingiti.

Kindiyya

Turudi Iraq, kwa maana mambo hayakumwendea vizuri mzee wetu.

Mwaka 847 alishika ukhalifa Al-Mutawakkil, na upepo ukageuka. Barazani palikuwapo ndugu walioitwa wana wa Musa, mabingwa wa hesabu na mitambo, watu wa elimu kweli kweli, lakini wenye wivu. Muhammad na Ahmad kati yao, kama alivyosimulia Ibn Abi Usaybi'a katika kitabu chake cha khabari za matabibu, walikuwa wakimvizia kila mwenye kutajwa kwa maarifa. Walimsogeza mbali Sanad bin Ali, mwanahesabu mwenzao, na wakamtia Al-Kindi fitina kwa khalifa mpaka akachapwa. Kisha wakatuma watu nyumbani kwake wakavichukua vitabu vyake vyote, wakaviweka katika ghala moja mbali, na ghala hilo likaitwa Kindiyya.

Kwa mwanachuoni, fimbo hupona. Lakini maktaba! Zama zile hapakuwa na nakala ya pili ya kila kitu. Mtu mwenye risala 200 na zaidi aliamka asubuhi hana hata moja.

Aliyemwokoa si rafiki wala hakimu, ni mfereji. Al-Mutawakkil alikuwa akijenga mji mpya karibu na Samarra, akawapa wana wa Musa kazi ya kuchimba mfereji wa kuupelekea maji ya Tigris. Wao wakamkabidhi kazi Al-Farghani. Al-Farghani akakosea vipimo: mdomo wa mfereji aliuchimba chini kuliko sehemu zinazofuata, ikawa maji hayatapita ila mto ukiwa umejaa. Khabari zikamfikia khalifa, akaapa kwamba ikithibiti, wale ndugu watasulubiwa ukingoni mwa mfereji wao. Akaamuru aitwe Sanad bin Ali akague.

Muhammad na Ahmad walimwendea Sanad wakimlilia. Sanad aliwakumbusha uadui uliokuwapo baina yake na Al-Kindi, maana na wao hawakuwa wakipatana, lakini akawaambia kwamba haki ni haki, naye hatasema neno la kuwafaa mpaka Al-Kindi arudishiwe vitabu vyake. Muhammad akavirudisha vyote, akaleta na hati ya mkono ya Al-Kindi kwamba vimemfikia mpaka cha mwisho. Hapo Sanad akawafunulia shauri lake. Mto sasa unajaa, na kosa halitaonekana kwa miezi minne. Wanajimu wanasema khalifa hataishi muda huo. Yeye atasema mfereji hauna kosa. Wanajimu wakiwa wakweli wote wataokoka, na wakiwa waongo watakufa pamoja. Akaenda akasema hivyo. Maji yakapita. Miezi miwili baadaye, mwezi wa Desemba 861, Al-Mutawakkil aliuawa usiku na askari wake mwenyewe.

Mengi ya yale 260 yamepotea hata hivyo, kwa moto, mchwa na vita vya karne zilizofuata, lakini kama yangebaki katika ghala lile huenda hata haya machache tusingeyaona. Al-Kindi aliishi miaka mingine kama 12, mbali na baraza za wakubwa. Alifariki Baghdad mwaka 873 hivi. Husimuliwa kwamba ni kwa maradhi yaliyoanzia gotini, ambayo alijitibu mwenyewe kwa asali isimfae.

Elimu aliyoiacha haikufa naye. Ibn Adlan, aliyefariki 1268, aliandika risala ya kuwafundisha wafumbuzi, na Ibn Al-Durayhim wa Mosul, katika karne ya 14, akaongeza aina za mafumbo. Mwaka 1412 Al-Qalqashandi wa Misri alitia elimu hiyo katika kitabu chake kikubwa cha makarani. Huko Ulaya, Alberti wa Italia katika miaka ya 1460 alibuni gurudumu la kubadilisha alfabeti katikati ya barua, na hilo ndilo lililowapa wenye kufumba nafasi ya kupumua mbele ya wenye kuhesabu.

Mwaka 1967 David Kahn wa Marekani alipoandika kitabu chake kikubwa cha historia ya mafumbo, alikiri kwamba elimu ya kufumbua ilizaliwa kwa Waarabu, lakini ushahidi aliokuwa nao ulikuwa ni wa Al-Qalqashandi, miaka 500 na zaidi baada ya Al-Kindi. Risala yenyewe ilikuwapo Istanbul, katika maktaba ya Suleymaniye, ndani ya mkusanyo wa Ayasofya nambari 4832. Si kwamba mkusanyo huo haukuwa ukifunguliwa. Risala nyingi za falsafa za Al-Kindi zilitolewa humo humo, na Abu Rida akazichapisha Cairo mwaka 1950 na 1953. Hii ya mafumbo, kwa kuwa si ya falsafa, iliachwa pale pale ilipo mpaka Muhammad Mrayati na wenzake wawili wa Damascus walipoisoma, wakaichapisha mwaka 1987.